Gari la Michezo Hujulikana kwa Kilichoachwa

Mwaka 1973 Safari Rally, mbio za magari za masafa marefu za Afrika Mashariki, ambayo msimu huo ilihesabiwa kwa mara ya kwanza katika ubingwa wa dunia wa mbio za magari, ilimalizika kwa sare. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alifika akiwa na Datsun 240Z. Harry Källström wa Sweden alifika akiwa na Datsun 1800 SSS. Baada ya maelfu ya kilomita za vumbi, tope na mawe, pointi zao za adhabu zilikuwa sawasawa, ikabidi kanuni ya kuvunja sare itumike, na ushindi akapewa Mehta. Wapenzi wengi wa mbio hulikumbuka tukio hilo kwa ajili ya dereva, kwa kuwa ulikuwa ushindi wake wa kwanza kati ya mitano. Mimi hulikumbuka kwa ajili ya magari yenyewe. 240Z lilikuwa na viti viwili, boneti refu, injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja na paa lililoteremka moja kwa moja hadi nyuma. 1800 SSS lilitokana na Bluebird, gari ambalo mtu alilinunua ili aende kazini na kuwapeleka watoto shule. Barabara za Afrika Mashariki hazikuona tofauti kati yao, ila kila aliyesimama kando ya njia aliijua: moja lilikuwa gari la michezo na jingine halikuwa.

Tofauti hiyo, ambayo karibu kila mtu huihisi na wachache hukubaliana namna ya kuieleza, ndiyo inayowafanya wapenzi wa magari wabishane hadi fundi azime taa. Katika gereji ninayopeleka gari langu hapa Tanga, mjadala huanza kila linapoingia gari lenye spoila, kile kibawa cha nyuma. Mmoja husema kwamba gari la michezo lazima liwe na milango miwili. Mwingine hudakia, "Kaka, kwa hiyo pikapu ya kubebea mkaa nayo ni ya michezo?" Wa tatu anadai tabo, kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi, wa nne anadai gia za mkono, na mwenye Subaru hasemi kitu; anafungua boneti tu, akasubiri watu wasogee. Nawaheshimu sana watu hawa, kwa sababu wengi wao wamezishusha injini hizo kwa mikono yao wenyewe na wanayajua magari kwa undani ambao hakuna gazeti linaloweza kuwapa. Hata hivyo naamini kwamba tunatafuta jibu mahali pasipo penyewe. Tunaorodhesha vitu vilivyomo ndani ya gari, ilhali jambo la kuulizwa ni vitu gani mtengenezaji alikubali kuvikosa, na alivikosa kwa ajili ya nani.

Nianze na nguvu, kwa kuwa hoja hiyo ndiyo hutolewa upesi kuliko zote. Vita Kuu ya Pili ilipomalizika, askari wa Marekani waliokuwa Uingereza walirudi kwao wakiwa wamevipenda vigari vidogo vya MG, na MG TC, lililoanza kutengenezwa mwaka 1945, likawa gari lililowaonyesha Wamarekani wengi kwa mara ya kwanza gari la michezo ni kitu gani. Injini yake ilikuwa ya sisi 1,250 (yaani sentimita za ujazo) na ilitoa nguvu za farasi 54. Magurudumu yalikuwa membamba, ya spoku, na usukani ulikuwa kulia katika nchi ambayo magari hupita upande wa kulia wa barabara. Saluni yoyote kubwa ya Kimarekani yenye silinda nane iliweza kuliacha nyuma kwenye barabara iliyonyooka. Watu walilipenda vilevile, wakaunda vyama, na mwaka 1948 wakashindana katika barabara za Watkins Glen, katika jimbo la New York, ambako kijigari cha aina hiyo kilikuwa na heshima yake kamili. Wajapani nao walithibitisha jambo lile lile mwaka 1991, pale Honda walipotoa Beat: injini ya sisi 656 isiyo na tabo, iliyowekwa nyuma ya viti viwili, ikitoa nguvu za farasi 64 tu, yaani chini ya Toyota IST ya jirani yako. Sijamwona mpenzi wa magari mwenye akili timamu anayelitoa Beat katika orodha. Kama nguvu ndiyo ingekuwa kipimo, magari haya mawili yangekuwa ya kwanza kuondoka.

Hoja ya milango na viti nayo haifiki mbali. Porsche 911, lililoonyeshwa Frankfurt mwaka 1963 likiitwa 901, kabla Peugeot hawajadai haki yao juu ya namba zenye sifuri katikati, lina viti vinne. Ni kweli kwamba vile vya nyuma vinamfaa mtoto mdogo au begi, lakini vipo. Mazda RX-8 la mwaka 2003 lina milango minne, ile ya nyuma ikiwa mifupi na ikifunguka kuelekea nyuma, na injini yake ya kuzunguka isiyo na pistoni za kupanda na kushuka haikuwekwa humo kwa ajili ya kubebea familia. Anayesema kwamba milango miwili ndiyo sheria itabidi ayaeleze magari haya, na tena aeleze kwa nini zipo gari nyingi za milango miwili zilizotengenezwa hivyo kwa sababu ya bei nafuu tu.

Kuhusu gia za mkono nina hisia kali, kwa sababu mimi mwenyewe sipendi kuendesha gari lisilo na klachi. Hata hivyo haki ni haki. Chevrolet Corvette la kwanza kabisa, la mwaka 1953, ambalo mwaka huo yalitengenezwa 300 tu na yote yakapakwa rangi nyeupe, liliuzwa likiwa na giaboksi ya otomatiki yenye gia mbili, na injini yake ya silinda sita haikuwa ya kutisha mtu. Wakosoaji wa wakati ule walisema kwamba hilo lilikuwa gari la kutembelea mjini lililovaa nguo za mbio, na nadhani walisema kweli. Ilimlazimu mhandisi Zora Arkus-Duntov, aliyeajiriwa na General Motors mwaka huo huo wa 1953, kupigania kwa miaka mingi liwe kile ambacho umbo lake liliahidi; injini ya silinda nane ilikuja mwaka 1955 na gia za mkono zikafuata. Kisha ukija hadi Corvette la mwaka 2020, lile ambalo injini yake ilihamishwa na kuwekwa nyuma ya dereva, unakuta tena kwamba klachi ya mguu haipo, wala huwezi kuiagiza. Magari mawili ya jina moja, yote bila klachi, na bado la pili ni gari la michezo kwa namna ambayo la kwanza halikuwa. Kwa hiyo tofauti yao imekaa mahali pengine.

Imekaa katika ugomvi unaotokea kabla gari halijachorwa. Kila sentimita na kila kilo ya gari ina watu wanaoidai. Abiria wa nyuma anadai nafasi ya magoti. Mizigo inadai buti. Wanaouza wanadai bei nafuu, wanaonunua wanadai ukimya, kiyoyozi, springi laini na kimo cha kuvuka matuta. Dereva naye anadai vyake: anataka akae chini, karibu na katikati ya gari, anataka uzito uwe mdogo na usikusanyike puani, anataka usukani umweleze tairi za mbele zinakanyaga nini. Katika gari la kawaida dereva ni mmoja tu wa wadai na mara nyingi hushindwa, na si vibaya, kwa sababu familia ina haki zake. Katika gari la michezo dereva hushinda karibu kila kesi, hata pale ushindi wake unapowaumiza wengine wote. Hicho ndicho kipimo changu, na nimekijaribu kwa kila gari ninalolijua.

Lotus Elise la mwaka 1996 ndilo mfano ulio wazi kuliko yote. Lilikuwa na uzito wa kilo zipatazo 725, karibu nusu ya uzito wa saluni nyingi tunazopanda leo. Chesisi yake ilikuwa ya vipande vya alumini vilivyounganishwa kwa gundi, na kingo zake za pembeni zilikuwa nene kiasi kwamba kuingia ndani kulihitaji kuinua mguu juu sana na kujishusha polepole. Usukani haukuwa na pawa. Sakafu ilikuwa alumini tupu. Injini ilitoa nguvu za farasi 118, kiasi ambacho hakimshangazi mtu, lakini kwa uzito ule kilitosha kabisa. Ukitazama gari hilo huoni mahali popote ambapo mhandisi alimhurumia mtu mwingine zaidi ya dereva. Lilikatwa kama kanzu ya kipimo cha mtu mmoja.

Inafaa kueleza kwa nini uzito unahesabiwa hivi, kwa sababu katika mabishano yetu uzito hutajwa mara chache kuliko tabo. Tairi lina kiasi fulani tu cha mshiko, na mshiko huo hugawanywa kati ya kazi zote linazotakiwa kufanya kwa wakati mmoja: kusukuma, kufunga breki na kukata kona. Gari zito linaloingia kwenye kona linataka kuendelea mbele moja kwa moja, na tairi linalazimika kutumia sehemu kubwa ya mshiko wake kulizuia. Ukiongeza nguvu hupunguzi tatizo hilo, unalifikisha kwenye kona likiwa na kasi kubwa zaidi. Ukipunguza kilo, kila kitu kinakuwa rahisi kwa pamoja, yaani breki, kona, na hata kuondoka. Ndiyo maana magari mengi ya jamii hii husukumwa na magurudumu ya nyuma, ili tairi za mbele ziachiwe kazi ya kukata kona peke yake. Na ndiyo maana Mazda, walipotengeneza MX-5, waliisogeza injini nyuma ya mstari wa magurudumu ya mbele, wakapoteza nafasi ya miguu na mizigo, ili pua ya gari iwe nyepesi.

MX-5 hilo, lililoonyeshwa Chicago mwaka 1989 na kuuzwa Japani kwa jina la Eunos Roadster, ndilo gari lililoniondolea mashaka. Rafiki yangu mmoja wa Korogwe analo la kizazi cha kwanza, na aliniachia usukani tukipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto. Anayeijua njia ile anajua ninachosema: kilomita zipatazo 33 za lami nyembamba inayopanda Usambara, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, kona zikifuatana bila kuachiana nafasi, na magari ya mboga yakishuka kwa uzito wao wote. Hatukuzidisha kilomita 60 kwa saa, na sehemu kubwa ya njia tulikuwa chini ya hapo. Injini ile ya sisi 1,600 ilitoka kiwandani na nguvu za farasi zipatazo 115, na baadhi ya hizo bila shaka zimekwisha kwa umri.

Mkono wa gia wa gari lile ni mfupi, na safari yake kutoka gia ya pili hadi ya tatu ni ya kifundo cha mkono tu; kiwiko kinabaki pale pale kilipo. Juu ya Soni kuna kona inayojikunja kulia huku ikipanda. Unaachia mafuta kidogo kabla yake, uzito unahamia mbele, tairi za mbele zinakaza, na kupitia usukani unazisikia zikivuka kiraka cha lami mpya kilichowekwa juu ya lami ya zamani, la kushoto kwanza, kisha la kulia. Unakanyaga tena, na safari hii mgongo wako ndio unaopokea habari, kwa sababu umekaa karibu kabisa na magurudumu yanayosukuma. Kila ulichofanya kinajibiwa papo hapo, na kwa kiasi kile kile ulichokifanya. Nimeendesha magari yenye nguvu mara mbili ya lile katika njia ile ile, na nilifika Lushoto nikiwa nimepanda mlima tu. Siku ile nilitamani tugeuze turudi Mombo tuanze upya.

Gharama yake pia niliiona. Buti lilijaa kwa begi la mwenzangu, langu likabaki kwa jamaa Mombo. Kila tuta lilitakiwa kuvukwa kwa upande, tairi moja baada ya jingine, na bado tumbo la gari liligusa mara kwa mara. Paa la turubai linapitisha kelele za kila lori. Mtu anayelitathmini gari lile kwa mahitaji ya kaya atalipa alama za chini sana, na atakuwa sahihi. Hakuna hata kimoja katika vitu hivyo kilichosahauliwa kiwandani. Vilikosekana kwa makusudi ili kona ile ya Soni iwe kama ilivyokuwa.

Huku kwetu husemwa mara nyingi kwamba mjadala huu hautuhusu, kwa kuwa barabara zetu haziruhusu gari la michezo. Historia ya Safari Rally inakataa. Mwaka 1971 Edgar Herrmann, dereva wa Kenya, alishinda akiwa na Datsun 240Z, na Mehta akafika wa pili akiwa na gari la aina hiyo hiyo. Nissan, wenye jina hilo la Datsun, walikuwa wamelitoa 240Z mwaka 1969, likiuzwa Marekani kwa dola 3,526, likiwa na uzito wa kilo elfu moja na kidogo na springi huru kwa kila gurudumu, jambo ambalo magari mengi ya bei ile hayakuwa nalo. Walipoliimarisha na kuliinua kwa ajili ya njia zetu, lilibaki gari lile lile jepesi, lenye viti viwili na dereva aliyekaa karibu na magurudumu ya nyuma. Gari la michezo halikuja Afrika Mashariki kama mgeni wa kushangaa, lilikuja likashinda.

Ila historia hiyo hiyo ina funzo la upande wa pili, ambalo mashabiki hulisahau. Porsche walilitaka sana taji la Safari na hawakulipata katika miaka ile ya ubingwa wa dunia. Mwaka 1974 Björn Waldegård alifika wa pili na 911, akishindwa na Joginder Singh aliyekuwa na Mitsubishi Lancer 1600 GSR. Mwaka 1978 Vic Preston Jr alifika wa pili na 911 jingine, akishindwa na Jean-Pierre Nicolas aliyekuwa na Peugeot 504. Magari haya ya 911 yalifurahi baadaye, katika mashindano ya magari ya zamani ya East African Safari Classic, ambako Waldegård mwenyewe alishinda na 911 mwaka 2011. Je, Lancer lilipolishinda Porsche mwaka 1974 liligeuka kuwa gari la michezo? Na Porsche liliacha kuwa hivyo? Sijasikia mtu akisema hivyo, wala hakuna sababu ya kusema. Ushindi unaeleza gari gani lilifaa zaidi kwa kazi ile, siku ile, na dereva yule. Hauelezi lilizaliwa kwa ajili ya nini.

Hapo ndipo ninapotofautiana na ndugu zangu wa Subaru, na najua tunapofikia hapa joto hupanda. Impreza WRX ni gari ninaloliheshimu kutoka moyoni. Lilizaliwa mwaka 1992, na miaka miwili baadaye Patrick Njiru wa Kenya alifika wa nne katika Safari nalo, jambo lililowafanya vijana wengi wa ukanda huu waipende Subaru hadi leo. Colin McRae alishinda Safari na Impreza mwaka 1997, Richard Burns akashinda mwaka 2000. Ngurumo ya injini ile ya silinda nne zilizolala ubavu inatambulika hata kabla gari halijatokea kwenye kona. Pamoja na hayo yote, silihesabu kuwa gari la michezo. Wahandisi walikabidhiwa bodi iliyokwisha kuchorwa kwa ajili ya familia, wakaambiwa waifanye iende kasi ajabu, nao wakafaulu bila kumnyang'anya mtu kitu. Watu watano wanakaa, buti linapokea magunia, tuta linavukwa, mvua ikinyesha magurudumu yote manne yanavuta. Ukuu wa WRX uko hapo hapo, katika kutokosa chochote. Kulipeleka katika kundi la Elise na Roadster ni kulipokonya sifa yake halisi ili kulipa sifa ya kuazima.

Mwenye STI mmoja, yaani lile toleo kali zaidi la WRX, aliwahi kunijibu vizuri. Alisema, "Bwana, mimi mbona nimekosa mengi? Springi ngumu, mafuta yananimaliza, mke wangu hataki kupanda." Nilimwambia kwamba hizo ni gharama ambazo yeye kama mmiliki anazilipa baada ya gari kuwa lilivyo, nami nazungumzia maamuzi ya mwanzo, ya siku karatasi ilipokuwa nyeupe. Hatukukubaliana, na kila tukikutana tunaliendeleza.

Toyota Altezza linanisumbua zaidi, kwa sababu karatasi yake nyeupe ilikuwa na nia njema. Lilitoka mwaka 1998, saluni ndogo inayosukumwa na magurudumu ya nyuma wakati ambapo saluni nyingi za ukubwa ule zilikuwa zimekwisha kuhamia magurudumu ya mbele, na toleo la RS200 la gia za mkono lilikuwa na gia sita na injini ya silinda nne iliyoandaliwa pamoja na Yamaha, yenye nguvu za farasi 210. Waliolitengeneza walimfikiria dereva kwa dhati, na Japani wakalipa tuzo ya gari la mwaka. Lakini walipofika kwenye ugomvi ule wa sentimita, dereva hakushinda kesi zote. Milango minne ilibaki, viti vitano vilibaki, na uzito ukafika kilo zipatazo 1,350. Mimi naliita saluni ya michezo, jirani anayeishi ukuta mmoja na gari la michezo. Nasikitika tu kwamba mengi yaliyofika hapa ni ya otomatiki, na kwamba kitu chake kilichoenea duniani kote ni taa za nyuma. Zile taa za duara ndani ya kioo kisicho na rangi zilinakiliwa zikabandikwa kwenye magari ya kila namna, pamoja na yale ambayo hayajawahi kumfikiria dereva hata kidogo.

Taa hizo zinanipeleka kwenye jambo linaloniuma. Katika matangazo ya kuuza magari, maneno "gari la michezo" sasa hubandikwa juu ya kitu chochote chenye spoila, rimu kubwa na ekzosi ya kelele. Kijana anayeingia mjini na fedha yake ya kwanza anaamini kwamba ameununua mchezo wenyewe, na kwa kuwa gari lake zito lenye springi zilizokatwa halina raha yoyote kwenye kona, analitafutia raha mahali pekee lilipobaki na la kuonyesha, yaani kwenye barabara iliyonyooka, usiku, kati ya Segera na Chalinze, mbele ya malori. Mwenye Roadster kule Usambara anashiba kwa kilomita 50 kwa saa, ndani ya sheria, akiwa na macho yote mawili barabarani. Ndiyo maana siuoni mjadala huu kuwa wa kupoteza muda. Mtu akijua mchezo uko wapi, hataufuata mahali usipokuwepo.

Zipo kesi ambazo kipimo changu kinasuasua. Nissan GT-R la mwaka 2007 lina kilo zipatazo 1,740, magurudumu manne yanayosukuma, viti vinne na kompyuta nyingi zinazoingilia kati ya dereva na lami. Kwa uzito ningelitoa. Lakini ukilitazama kwa makini, hakuna abiria aliyependelewa humo. Giaboksi iliwekwa nyuma ili kusawazisha uzito, viti vya nyuma ni vya jina tu, na springi zake hazimhurumii mtu. Nalihesabu ndani, ingawa nafanya hivyo bila furaha. Tesla Model S Plaid la mwaka 2021 ni kesi nyepesi zaidi: nguvu za farasi zaidi ya elfu moja, uzito zaidi ya tani mbili, milango minne, na kuondoka kwa kasi inayoyaaibisha karibu magari yote niliyoyataja. Ni saluni kubwa ya starehe yenye mbio za ajabu, kama vile Porsche Cayenne lilivyo gari la familia lenye mbio. Umeme wenyewe hauna hatia. Tesla la kwanza kabisa, Roadster la mwaka 2008, lilijengwa kutokana na Lotus Elise na lilikuwa na viti viwili. Betri iliongeza uzito, lakini nia ilisomeka. Siku betri zitakapokuwa nyepesi vya kutosha, sioni sababu ya kumfungia mlango mtu anayekuja na gari la umeme la kilo 900.

Ambalo limetugawa karibuni pale gereji ni Toyota GR Yaris. Kwa jina ni Yaris, gari la kwenda sokoni, na wenye Subaru wanasema kwamba nikilikubali hilo ni lazima niikubali na Impreza. Nimelifikiria sana. Toyota walipolitoa mwaka 2020 hawakuchukua bodi ya Yaris ya kawaida wakaijaza nguvu. Walitengeneza bodi nyingine ya milango mitatu, sehemu ya mbele ikitoka kwenye jukwaa moja, yaani msingi wa chini wa gari, na sehemu ya nyuma kwenye jukwaa jingine kubwa zaidi, wakaliteremsha paa na kulitengeneza kwa nyuzi za kaboni, wakaweka milango ya alumini, kisha injini ya silinda tatu yenye tabo, sisi 1,600, kwa uzito wa kilo zipatazo 1,280. Abiria wa nyuma alipoteza mlango wake na nafasi ya kichwa. Mnunuzi wa kawaida alipoteza bei nafuu, ambayo ndiyo sababu ya Yaris kuwapo. Kasoro moja ilibaki, nayo wapenzi waliipigia kelele tangu mwanzo: dereva alikaa juu mno, kama yule wa gari la sokoni. Mwaka 2024 Toyota walilifanyia marekebisho, na miongoni mwayo walikishusha kiti cha dereva kwa milimita 25. Nilipolisikia hilo nilikwenda gereji nikawaambia kwamba mimi nimelipokea.